Kinanda cha Mdomo na Amplifaya Kuukuu

Bila shaka wakijua kinanda cha mdomo. Ni kitu kidogo cha kutia mfukoni, na watu wengi hukidhani kuwa mchezo wa watoto tu. Lakini wako watu waliokitwaa kinanda hicho hicho wakakifanya kilie kwa sauti nene kama ya tarumbeta. Leo nataka kukueleza walivyofanya, na jinsi ya kuchagua chombo walichokitumia. Nakusihi usome mpaka mwisho, maana katika jambo hili mtu aweza kupoteza fedha zake, na hata uhai wake.

Habari yenyewe yaanzia Marekani. Katika miaka ya 1940 watu Weusi wengi waliyahama mashamba ya pamba ya Mississippi na majimbo jirani, wakaenda Chicago kutafuta kazi viwandani. Walikwenda na muziki wao uitwao bluzi. Huko mjini magitaa yalikuwa yamekwisha kutiwa umeme, na katika soko la Maxwell Street kelele za wachuuzi hazikukoma. Kinanda cha mdomo kingesikika namna gani hapo? Basi wapigaji wakatwaa maikrofoni za kusemea, wakazifumbata viganjani pamoja na kinanda, na waya wakauchomeka katika amplifaya ya gitaa.

Aliyewapita wengi kwa ufundi huo ni Marion Walter Jacobs, aliyeitwa Little Walter, mzaliwa wa Louisiana mwaka 1930. Mwezi wa Mei 1952 alirekodi kipande kisicho na maneno kiitwacho "Juke". Santuri hiyo ilikaa nafasi ya kwanza kwa majuma 8 katika orodha ya muziki wa Weusi iliyochapwa na gazeti la Billboard. Mwenyewe alifariki mwaka 1968, hajatimiza hata miaka 38, lakini mpaka leo wapigaji wanaitafuta sauti yake.

Kwa nini basi watafute amplifaya za zamani? Sababu ni valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, kama vya redio za wazee wetu. Valvu ikisukumwa kupita kiasi, sauti yake hunenepa na kukwaruza kidogo, nayo hupendeza sikioni. Tena spika za siku hizo zilikuwa nyepesi, zikaitika upesi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu husikia amplifaya fulani inasifiwa na wapiga gitaa, akainunua mbio, kumbe haimfai. Mpiga gitaa hutaka amplifaya ikuze sana. Mpiga kinanda cha mdomo ameshika maikrofoni mkononi, mbele ya spika. Sauti hutoka katika spika, ikaingia tena katika maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, hata ikawa mluzi wa kutoboa masikio. Umepata kuusikia mluzi huo mikutanoni. Kwa hiyo mpiga kinanda na atafute amplifaya isiyokuza mno mwanzoni.

Nitakutajia mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni Fender Champ ya mwishoni mwa miaka ya 1950: wati 5 hivi, spika moja ya inchi 8. Hiyo yafaa nyumbani na katika chumba kidogo, maana waweza kuifungua hata inenepe bila ya kuwakosesha jirani usingizi. Ya pili ni Fender Bassman, hasa ile ya mwaka 1959: wati 40 hivi, spika 4 za inchi 10. Ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi, lakini wapiga vinanda wakaipenda kwa nguvu na unene wake. Ile ya asili huuzwa maelfu ya dola, lakini tangu mwaka 1990 kampuni yenyewe imetoa nakala zake.

Ukienda kuchagua, fanya hivi:

Kwanza, nenda na kinanda chako na maikrofoni yako. Usiridhike kusikia muuzaji akipiga gitaa.

Pili, iwashe, ungoje valvu zipate moto, nawe usipige kitu. Ikiunguruma sana, huenda kapasita zake zimekauka, na kuzibadili ni gharama juu ya bei.

Tatu, fumbata maikrofoni, puliza, na kuongeza sauti pole pole. Ikipiga mluzi kabla sauti haijanenepa, iache. Au mwulize fundi kama valvu ya kwanza yaweza kubadilishwa. Valvu iitwayo 12AX7 hukuza kama mara 100. 12AU7 hukuza kama mara 20 tu, nayo huingia katika tundu lile lile.

Nne, zunguka nyuma. Tazama kama spika imechanika, au kama transfoma imeungua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa nisikilize vizuri. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka hiyo zilikuwa na plagi ya miguu miwili, bila waya wa ardhi. Nyingine za bei nafuu hazikuwa hata na transfoma ya umeme. Chuma chake cha ndani huungana na umeme wa ukutani. Mpiga gitaa yumo hatarini, lakini mpiga kinanda amezidi. Fikiri: mikono miwili imeshika maikrofoni ya chuma, na kinanda chenye mabamba ya chuma kimebanwa midomoni, tena midomo yenye mate. Hitilafu moja ndani ya sanduku, na umeme wapita mwilini. Kwa hiyo ile isiyo na transfoma, usiinunue hata ukipewa kwa shilingi moja. Ile yenye transfoma, usiipige mpaka fundi ameitia plagi ya miguu mitatu yenye waya wa ardhi, na kuiondoa kapasita iliyounganisha umeme na chuma. Wala usiifungue mwenyewe. Hata ikiisha kuchomolewa, kapasita zake zaweza kushika mamia ya volti.

Jambo jingine ni letu sisi wa huku. Amplifaya za Marekani zimefanywa kwa volti 110 hadi 120. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Ukiichomeka hivi hivi, itaungua papo hapo. Sharti uwe na transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha.

Basi, kama kijana wako amekwisha kuipenda sauti hiyo, usimcheke wala usimkatalie. Mwambie ajifunze kwanza kukipiga kinanda kitupu, maana amplifaya hukuza uzuri na ubaya pamoja. Little Walter alianza na kinanda tu, akiwa mtoto. Hata akipata fedha za kununua, asiende peke yake dukani: aende na fundi anayejua umeme, na fundi huyo alipwe kabla ya muuzaji.