Karakana ya Kikundi: Shamba Kwanza, Mabati Baadaye

Vikundi vingi vinatuuliza habari ya kujenga karakana ya kutengeneza vyombo: plau, wilbaro, mikokoteni, pampu za dawa, hata mashine ya posho. Wazo ni zuri. Plau ikivunjika wakati wa kulima na fundi yuko mjini, mvua haikungoji.

Lakini tukija kuona mahali, swali letu la kwanza ni: hapa ni kwa nani? Hapo watu hutazamana. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilijenga kwa shamba la babake mwenyekiti. Mzee aliwapa kwa roho safi, bila karatasi. Alipofariki, wanawe waligawana shamba, na kijana aliyepata kona ile akatia kufuli yake mlangoni. Kina mama walikuwa wamechanga miaka minne. Waliondoka na jiriwa moja na mabati manane. Sisi pia tuna lawama: tulikunywa chai ya ufunguzi na hatukuuliza.

Basi kikundi kisajiliwe, kama sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inavyotaka. Halafu andikianeni mkataba wa kukodi. Utaje ni miaka mingapi, kodi ni ngapi, na ukiisha jengo litakuwa la nani. Kwa shamba la kilimo lililo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi (Sura 302), hata kukodi kunahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kwisha tangu mlipopatana. Bila kibali, hiyo karatasi yenu ni ya kufungia njugu. Mama wa boma na watoto wakubwa wawepo mnapopatana. Msiseme "sisi ni ndugu". Hata wale walikuwa ndugu.

Jengo lenyewe si kazi ngumu. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige fundi machoni. Mlango upitishe mkokoteni. Jiriwa ifungwe ifike kiwiko cha fundi akisimama, la sivyo mgongo utamwuma kila siku. Pa kuchomelea pawe mbali na petroli na nyasi kavu. Mafuta machafu yatiwe kwa debe lenye kifuniko, mbali na kisima.

Na vyombo je? Hapa vikundi hukimbilia mashine ya kuchomelea, hata pale stima haijafika! Ngojeni kwanza. Msimu mzima katibu aandike kwa daftari: nini kimevunjika, cha nani, na mwenyewe alilipa ngapi mjini. Ikiwa ni matairi, bolti na mipini, basi spana, nyundo, msumeno wa chuma na jiriwa vinatosha kuanza. Daftari hilo mje nalo siku tutakapokutana kupiga hesabu.