Kwa nini mashabiki wa tenisi Uingereza hawaishi kuyalaumu magazeti

Lalamiko la kwanza ni la kalenda. Msimu wa tenisi huanza Januari na kuishia Novemba, lakini kurasa za michezo za Uingereza, zilizosheheni soka, huukumbuka mchezo huu pale tu Wimbledon inapobisha hodi. Kijana aliyehangaika mwaka mzima kwenye mashindano madogo hupewa nafasi ya upendeleo kucheza Wimbledon, hutolewa raundi ya kwanza, na kesho yake huandikwa kama aibu ya taifa. Aliyemfuatilia tangu Februari haoni cha kushangaza.

La pili ni zito zaidi. Andy Murray alipotwaa Wimbledon mwaka 2013, baadhi ya vichwa vya habari vilitangaza kuwa ukame wa Uingereza wa miaka 77 umekwisha, tangu Fred Perry mwaka 1936. Kwa wanaume, sawa. Lakini Virginia Wade alikuwa bingwa wa wanawake mwaka 1977! Murray mwenyewe hakuvumilia usahaulifu wa aina hiyo. Mwaka 2017 mwandishi alimwambia kuwa Sam Querrey ni Mmarekani wa kwanza kufika nusu fainali ya mashindano makubwa tangu 2009. Akamkatiza papo hapo: wa kwanza kwa wanaume. Serena Williams alishafika huko mara nyingi tu.

Emma Raducanu, bingwa wa US Open 2021 akiwa na miaka 18, ana balaa la kinyume: huandikwa hata asipocheza. Kocha gani kaondoka, tangazo gani kapata. Jinsi anavyorudisha mpira, ambako ndiko kuna utamu wake, hupata sentensi mbili.