Mauzo ya Kufumba na Kufumbua: Kilichomo Kikapuni ni cha Nani?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, simu ya mkononi imekuwa pochi, barua na gulio kwa pamoja. Miongoni mwa Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda waishio huko wapo wanaoagiza vitu kwa mtandao kama wafanyavyo jirani zao wa Mbarara, na aghalabu mzigo hufuatwa huko huko Mbarara.

Kinachowavuta wengi ni mauzo ya kufumba na kufumbua. Duka hutangaza kwamba, tuseme, taa 50 za sola zitauzwa kwa nusu ya bei kuanzia saa fulani hadi zitakapokwisha. Kampuni ya Alibaba ya China ilianza mauzo yake makubwa ya tarehe 11 Novemba mwaka 2009, na Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012 na kufika hadi Uganda, nayo huwa na mauzo ya saa chache ya namna hiyo. Mama wa nyumbani huiona taa, huitia kikapuni, kisha moyo hutulia. Dakika chache baadaye huambiwa taa zimekwisha. Hudhani ameibiwa, ilhali katika maduka mengi kikapu cha mtandaoni ni orodha ya matakwa tu. Taa ingali ghalani, na yeyote aweza kuichukua.

Ili kuelewa yanayotokea, fikiri juu ya mawakala wawili wa basi moja liendalo Kampala, kila mmoja akiwa na karatasi yake ya viti. Wote wawili waona kiti cha 14 ki wazi. Wote wawili waandika jina la abiria na kupokea nauli. Hakuna aliyedanganya, lakini asubuhi abiria wawili watagombea kiti kimoja. Kompyuta ya duka nayo yaweza kuingia katika mtego huo huo. Simu mia huuliza kwa pamoja, "Zimebaki ngapi?" nazo zote hujibiwa, "Moja." Kisha zote huinunua ile moja.

Dawa yake ni kuwa na daftari moja, na kutenda kuuliza na kupunguza kama tendo moja lisilogawanyika: punguza moja, iwapo tu ipo. Wa kwanza kufika hupata, na wa pili hujibiwa kwamba zimekwisha. Duka lililotengenezwa vyema haliuzi taa ya 51. Yapo, hata hivyo, maduka yanayouza kupita kiasi kwa makusudi, yakitumaini kwamba baadhi ya wateja wataghairi, kisha huwaomba radhi waliozidi. Huo si ufundi, ni kubahatisha kwa fedha za wengine.

Swali gumu zaidi ni hili: daftari lipunguzwe wakati gani? Duka likipunguza mara mteja atiapo kitu kikapuni, mteja huyo ana amani, lakini wakorofi huweza kujaza vikapu bila nia ya kulipa, na wenye haja wakaikuta rafu tupu. Ndiyo maana hukaa saa ya kuhesabu kurudi nyuma. Kwa mauzo yake ya haraka, Amazon ya Marekani imekuwa ikimpa mteja dakika 15 tangu atie kitu kikapuni, na zikipita bila malipo kitu humwendea aliye katika foleni. Duka jingine hupunguza pale mteja anapothibitisha agizo, likampa muda mfupi wa kulipa. La tatu hupunguza fedha zinapofika, wala si kabla. Njia hii ya tatu humlinda muuzaji dhidi ya wasiolipa, na mzigo wote wa wasiwasi humwachia mnunuzi.

Hapo ndipo mnunuzi wa Nakivale hutofautiana na mwenye kadi ya benki. Yeye hulipa kwa fedha za simu, huduma ambayo MTN iliianzisha Uganda mwaka 2009. Duka hupeleka ombi kwa kampuni ya simu, kampuni humtaka mteja namba yake ya siri, fedha hukatwa, kisha kampuni hulijibu duka. Safari hiyo ina vituo vingi, na mtandao ukisuasua katika kimojawapo, fedha huweza kuwa zimetoka huku muda wa kushikiwa bidhaa umekwisha. Jibu likifika, taa imekwisha kwenda kwa mtu mwingine. Duka lenye uangalifu huendelea kushika kitu hadi kampuni ya simu ijibu ndiyo au hapana, na malipo yaliyochelewa huyarudisha lenyewe bila kusubiri malalamiko.

Kwa nyumba nyingi za Nakivale fedha hizo si za ziada. Tangu mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani limegawa msaada wake nchini Uganda kwa kadiri ya uhitaji wa kila nyumba, na zipo familia zilizopunguziwa sana. Fedha zinazoning'inia kwa wiki moja ni sabuni na unga wa wiki hiyo. Hata zikirudi, hurudi katika simu, na kuzitoa kuna ada ya wakala pamoja na kodi, ambayo mwaka 2018 ilishushwa kutoka asilimia 1 hadi 0.5.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: fedha hurudi katika laini iliyolipa. Kabla ya mwaka 2019 wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Mwaka huo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliwaruhusu kusajili kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho. Ambaye bado anatumia laini ya rafiki yafaa ajue kwamba, kukitokea mzozo, kampuni humtambua mwenye jina.

Mwenye kununua hana budi basi kutia fedha katika simu kabla ya saa ya mauzo, na kusoma masharti ya duka apate kujua bidhaa hushikwa lini. Ujumbe wa malipo ukichelewa, asilipe mara ya pili kwa pupa. Atazame kwanza salio lake na orodha ya maagizo. Namba ya muamala na namba ya agizo ni vitu viwili mbalimbali: ya kwanza huonyesha kwamba fedha zimetoka, na ya pili kwamba duka limepokea agizo. Zote mbili ziandikwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 humtaka muuzaji asiye na bidhaa amjulishe mnunuzi na kumrudishia fedha zake.

Panapokuwa na nafasi ya kulipa wakati wa kupokea, hatari ya fedha kuning'inia huondoka, lakini ya nauli hubaki. Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni makumi ya kilomita, na ujumbe wa "agizo limepokelewa" haumaanishi kwamba mzigo umefika. Wa kupandia gari ni ule usemao kwamba mzigo uko tayari kuchukuliwa, nao huja siku nyingine.