Kabla ya Kusoma Jumla Mkutanoni: Tahadhari kwa Watunza Hesabu

Kamati za maji na vikundi vya akiba vinavyotunza hesabu kwa programu ya Excel vinashauriwa kukagua mambo mawili kabla ya kuwasomea wananchi jumla.

Kwanza, ukokotoaji wa moja kwa moja huenda umezimwa. Excel hufuata mpangilio wa faili lililofunguliwa kwanza. Hivyo malipo mapya huweza kuandikwa na jumla ikabaki ya zamani. Kitufe cha F9 huileta jumla mpya. Aidha, fomula iliyotungwa na mtumiaji mwenyewe hukokotoa upya pale tu visanduku vilivyotajwa ndani ya mabano yake vinapobadilika. Vyote inavyovitegemea vitajwe humo.

Pili, fomula huweza kujihesabu yenyewe, mathalani kisanduku B10 kinapojumlisha B2 hadi B10. Programu hutoa onyo. Dawa yake ni kuishia B9. Baadhi huliondoa onyo kwa kuruhusu hesabu ijirudie. Kwa kawaida hujirudia hadi mara 100, na daftari likaonyesha fedha ambazo hazimo katika sanduku.

Jumla ilinganishwe na stakabadhi kwanza, ndipo isomwe.