Vikundi viwili, daftari moja: maswali kutoka Kamanyola

Mpunga ukishavunwa katika tambarare ya Ruzizi, kazi inayobaki haihitaji mundu. Ni kuandika: nani alileta mifuko mingapi, nani alikopa mbegu, nani bado ana deni la mbolea. Zamani ilikuwa kalamu na daftari, siku hizi ni telefone. Pale Kamanyola kuna vikundi viwili vya wakulima vinavyotumia programu moja ileile ya hesabu, lakini kila kimoja upande wake. Kila kimoja kinanunua megabaiti zake, na kila kimoja kinamlipa fundi wake anayeshuka kutoka Bukavu kwa njia ya Ngomo. Mvua ikinyesha, fundi hafiki, na huku data zimekwama.

Sasa watumiaji hao wanataka kuungana katika asosiasyo moja isiyotafuta faida, yaani ASBL. Wametuomba shauri. Majina yao tunayaweka kando kwa sababu mazungumzo bado yanaendelea.

Katika mkutano wao wa kwanza, saa nzima ilipotea juu ya jina jipya na juu ya nani atakuwa prezida. Ndipo kesie wa kikundi kimoja, mama mtu mzima, akasimama na kusema: "Ba papa, muko nagombania kiti. Miye niko na daftari ya madeni. Batu ba kwetu benye habayalipa, deni yabo itaenda wapi?"

Watu wakanyamaza. Prezida anaweza kubadilishwa kwenye mkutano mkuu ujao. Deni lililopotea wakati wa kuunganisha hesabu halirudi, na hata likirudi linarudi na ugomvi.

Wengi wanadhani kuunganisha orodha mbili ni kubonyeza kitufe tu. Hebu tuangalie vizuri. Kwetu mtu ana jina, jina la pili na jina la ubatizo. Kikundi kimoja kiliandika jina la ubatizo kwanza, kingine kikaliandika mwisho, na pengine hakikuliandika kabisa. Programu haijui kwamba ni mtu mmoja. Inaona watu wawili, mmoja ana deni la mbegu, mwingine ana akiba. Kutumia namba ya telefone kama kitambulisho kunasaidia, ila mama wengi wanatumia namba ya mtoto wao au ya bwana, na namba moja inaweza kuwa na watu watatu nyuma yake. Hapo hakuna dawa nyingine: makarani wawili wakae pamoja, wasome majina kwa sauti, moja moja, mbele ya watu wanaojuana. Ni kazi ya siku mbili au tatu. Msiwaachie fundi kazi hiyo. Yeye anajua programu, hajui mke wa nani ni nani.

Vipimo navyo vina shida yake. Kikundi kimoja kinapima kwa kilo kwenye mizani, kingine kwa mfuko, na kwa mikopo midogo kwa Guigoz. Mfuko uliojazwa mpaka kushonwa kwa taabu si sawa na mfuko wa kawaida, kila mkulima anajua. Kabla ya kuingiza namba yoyote, pimeni mifuko kadhaa ya kila upande, mkubaliane kilo ngapi, muandike katika PV. Fanyeni vilevile kwa pesa. Mkopo uliotolewa kwa dola na mkopo uliotolewa kwa franga haviwezi kukaa katika safu moja bila kujua ni kwa kiwango cha siku gani. Siku ya kukopa, au siku ya kuunganisha? Mwenye deni na mwenye kudai hawatajibu sawa, kwa hiyo uamuzi uwe wa mkutano mkuu, usiwe wa kesie peke yake.

Halafu kuna mtu mwenye deni pande zote mbili. Yuko, kila mahali yuko. Akisikia habari za kuungana, ndiye wa kwanza kusema tungoje kwanza.

Ili tusiongee kwa kukisia tu, tuchukue mfano wa mbali kidogo. Nchini Marekani watumiaji wa ordinatere za Hewlett-Packard walikuwa na kikundi chao tangu mwaka 1974, baadaye kikaitwa Interex. Watumiaji wa ordinatere za Digital walikuwa na DECUS tangu 1961, tawi lao la Marekani likabadili jina kuwa Encompass. Wale wa Tandem walikuwa na ITUG. Kisha makampuni yakamezana: Compaq ilinunua Tandem mwaka 1997 na Digital mwaka 1998, na mwaka 2002 Hewlett-Packard ikaichukua Compaq. Nyumba ikawa moja, vikundi vikabaki vitatu.

Ilipofika mwaka 2005, Encompass na ITUG walikuwa wanatayarisha mkutano pamoja na kampuni. Interex ilishika njia yake, na mkutano wake yenyewe uliopangwa mwezi wa Agosti. Mwezi wa Julai ikafunga milango ghafla kwa kukosa pesa. Watu waliokwisha kulipa kiingilio wakajikuta wanadai pamoja na wadai wengine. Mwaka 2008 Encompass, ITUG na tawi la Ulaya la Interex waliungana wakawa chama kimoja, Connect. Kumbe wangeweza kukaa pamoja. Lakini waliopoteza pesa mwaka 2005 hawakurudishiwa kwa sababu wengine wameungana miaka mitatu baadaye.

Turudi Kamanyola, maana kuna kosa lingine tuliloliona karibu lifanyike. Vijana wa komite walitaka ASBL mpya ndiyo iuze mpunga. Hapana. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia ASBL katika nchi yetu, haikubali asosiasyo ya aina hiyo iwepo kwa ajili ya biashara wala iwagawie wamemba faida. Inaweza kupokea michango, kulipa fundi, kununua ordinatere, kufundisha watu, kupokea msaada. Kuuza mazao na kugawana kinachobaki ni kazi ya kooperative, na kooperative zina sheria yake ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo inatuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012. Kwa sheria hiyo watu 5 wanatosha kuanzisha kooperative ya aina nyepesi, na 15 kwa ile yenye baraza la uongozi.

Kwa hiyo shauri letu kwa vikundi vile lilikuwa hivi: kooperative mbili zibaki na mpunga wao, ghala zao na madeni yao. ASBL ishike programu, mafunzo na fundi. Hapo yule mama kesie alipumua, maana deni la watu wa kwao linabaki kwao, ila linaandikwa kwa namna moja na linaonekana kwenye programu moja.

Hati za utu wa kisheria zinatolewa na waziri wa sheria, na Kinshasa ni mbali. Wakati wa kungoja, michango isikae kwenye telefone ya mtu mmoja. Nenosiri la programu nalo lisikae katika kichwa cha mtu mmoja. Tumewahi kuona mahali fulani karani alihama na nenosiri lake, na msimu mzima ukaandikwa upya kutoka kwenye vikaratasi.

Wamekubaliana kufunga hesabu za zamani baada ya mavuno, kabla ya kuanza msimu A mwezi wa Septemba. Siku hiyo kila kikundi kitachapisha orodha yake yote kwenye karatasi, kila memba atasoma mstari wake na kutia saini au kidole, na makesie wawili watabadilishana nakala. Kuhusu jina jipya, bado hawajakubaliana.