JE, WAJUA? Mtoto wa Katavi na vyuo vinavyochuja

Je, wajua kwamba Karema, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa na tabibu aliyesomea Ulaya tangu mwaka 1889? Adrian Atiman alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Kutoka Malta akaletwa Karema, na hapo alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Masomo ya ng'ambo si jambo geni kwa mkoa huu wa Katavi. Geni ni fomu.

Mkoa wenyewe ulitengwa na Rukwa mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko sekondari, na safu hii anaandikiwa yeye kuliko kaka yake wa kidato cha sita aliyekwisha kuchelewa mambo fulani.

Je, wajua kwamba vyuo vyetu na vyuo kama Harvard havitumii chekeche moja? Hapa nyumbani hesabu ni ya alama: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka walau alama 4 kutoka masomo mawili. Udaktari wa binadamu unataka fizikia, kemia na baiolojia, D au zaidi katika kila moja, jumla alama 6. Usidanganyike na hiyo 6: ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, si cha kupata. Muhimbili wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache, kwa hiyo wenye alama za juu ndio wanaoingia kwanza.

Tangu 2017 maombi ya shahada hapa nchini hupelekwa moja kwa moja chuoni, na katika fomu hizo hakuna atakayekuuliza ulikuwa kiranja wa nini. Anayelenga Muhimbili na hana haja ya kwenda mbali, ushauri wangu kwake ni mfupi: soma. Mengi yaliyo hapa chini kwake ni pambo. Ila ajue kwamba tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kuna Samia Scholarship, inayowasomesha waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi kidato cha sita.

Anayetaka vile vyuo vingine, ambako wenye A tupu hukataliwa kila mwaka, aendelee kusoma.

Je, wajua kwamba Common App, fomu moja inayotumiwa na mamia ya vyuo vya Marekani, ina nafasi 10 za shughuli zako nje ya darasa, na mojawapo ya aina zilizoorodheshwa ni majukumu ya nyumbani? Ndiyo, kuchota maji, kulea wadogo, kuuza duka la mama, kulinda mpunga usiliwe na ndege kule Usevya. Wengi wetu huacha nafasi hizo wazi tukidhani zinawahusu waliocheza fidla na kuogelea. Mtoto aliyeshika shamba la familia tangu baba aanze kuugua ana mengi zaidi ya kuandika kuliko mwenye vyeti vinne vya semina za Jumamosi.

Tatizo ni kwamba kila shughuli inapewa herufi 150 tu, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Tazama mfano wa kubuni. Mmoja anaandika: "Namsaidia babu kufuga nyuki na napenda mazingira." Mwingine, mwenye kazi ileile, anaandika: "Mizinga 14, Inyonga: narina asali mara mbili kwa mwaka, naweka daftari la kilo na bei, faida hununua sare na madaftari ya wadogo zangu." Huyu wa pili hajafika hata herufi 150, na msomaji aliyekaa Boston tayari ameona mizinga, ameona daftari, amejua pesa zilikwenda wapi. (Fomu inajazwa kwa Kiingereza, lakini anayeweza kuisema habari yake sawasawa kwa Kiswahili ameshamaliza nusu ya kazi.) Na daftari liwepo kweli. Liwe la mistari, lenye tarehe, hata kama limeloa asali.

Nyuki wakikushika zaidi, Kibaoni kuna Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine, wanakofundisha mambo ya nyuki. Nenda siku moja ukaulize maswali. Waziri Mkuu mstaafu ambaye kampasi imepewa jina lake ni mwana wa hukohuko Mpimbwe, na shahada yake ya sheria aliichukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974.

Je, wajua kwamba swali la aiskrimu lilimfikisha mwanafunzi wa Kitanzania kwenye jarida la fizikia la kimataifa? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kidato cha tatu, Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona atakosa, akatia yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Miaka ikapita, akawa mwanafunzi wa Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza swali lilelile, darasa likamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akalijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala wote wawili, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya kile wanachokiita athari ya Mpemba.

Hakuna chuo kikali kisichotaka mtu wa namna hiyo. Kinachoniuma ni kwamba bweni lolote la Mpanda Girls au Usevya lina maswali kama hayo kila wiki, na hayaandikwi popote.

Pa kuyapeleka papo. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011. Wanafunzi wa sekondari huleta utafiti wao kwenye maonyesho, na Karimjee Jivanjee Foundation imekuwa ikiwasomesha washindi chuo kikuu. Mada Katavi hazikosekani: viboko wanaosongamana kwenye madimbwi ya mto Katuma kiangazi kinapokaza, zebaki kwenye machimbo madogo ya dhahabu, moshi wa kukaushia tumbaku na kuni zinazoliwa na mabani.

Je, wajua kwamba maprofesa wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikuja Mpimbwe kutafuta utafiti wao? Monique Borgerhoff Mulder alianza kusoma maisha ya Wapimbwe katikati ya miaka ya 1990, na Tim Caro amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya wanyama wa Katavi. Kijana wa Mirumba anayeandika insha kuhusu kompyuta ambayo hajaigusa, akaacha simba, ng'ombe na mashamba yanayogombaniwa mlangoni kwake, ananishangaza.

Nyerere hakufanya kosa hilo. Akiwa Makerere, kati ya 1943 na 1945, alishinda shindano la uandishi kwa insha kuhusu kunyimwa haki kwa wanawake: aliyachukua mawazo ya John Stuart Mill, Mwingereza wa karne ya 19, akayapimia jamii yake ya Wazanaki. Mwaka 1949 alikuwa Edinburgh. Insha kuu ya Common App ina ukomo wa maneno 650. Hayatoshi kueleza maisha yako yote wala umaskini wa Afrika. Yanatosha tukio moja na ulivyolifikiria.

Je, wajua kwamba Jane Goodall, aliyekuwa jirani yetu wa Gombe, alipokelewa Cambridge kusomea uzamivu mwaka 1962 bila kuwa na shahada ya kwanza? Alikuwa na madaftari ya sokwe. Na Roots & Shoots, klabu iliyosambaa duniani kote, ilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 wa sekondari waliokwenda kumwona. Klabu haihitaji ufadhili ili ianze.

Je, wajua kwamba Kenya kulikuwa na usaili wa vyuo uliokuwa na mbio ndani yake? Mwaka 2004 Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich 1972, na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP kule Iten, kuwasaidia vijana wa Bonde la Ufa wasio na uwezo waingie Harvard, Yale na wenzao. Waombaji walikuwa na alama za juu za KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, waliandika, walihojiwa, na walikimbia mita 1,500, kwa sababu makocha wa Marekani huweza kumsemea mwanariadha. Wengi walipokelewa kwa vichwa vyao. Lakini angalia mbinu: waanzilishi walijiuliza kwanza eneo hilo lina nini ambacho wengine hawana.

Barua za walimu. Vyuo vingi vya aina hii hutaka barua mbili za mapendekezo pamoja na maelezo ya shule. Darasani mkiwa 80, mwalimu anakujua kwa namba ya mtihani. Baki baada ya kipindi, uliza, rudisha kazi iliyosahihishwa ukiwa umeirekebisha. Kisha linda mawasiliano: mwalimu wako wa fizikia anaweza kuhamishiwa Tunduru Machi, na barua inatakiwa Desemba. Chukua namba yake ya simu na barua pepe kabla hajafunga mizigo, na siku ya kumwomba mpe ukurasa mmoja wa kumkumbusha mlifanya nini pamoja.

Je, wajua kwamba kuna vyuo visivyoangalia mfuko wa mzazi wakati wa kuamua, hata kwa mgeni? Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao, na aliyepokelewa hulipiwa kulingana na upungufu wake. Ada ya maombi nayo unaweza kuombea msamaha ndani ya fomu. Kuhusu SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, MIT walirudisha ulazima wake 2022 na Harvard 2024. Bowdoin hawaulazimishi tangu 1969. Nje ya Marekani unafanywa kwa kompyuta tangu Machi 2023, kwa hiyo anayejua hesabu lakini hajazoea kompyuta atapoteza muda kwenye mashine. Mazoezi ya Khan Academy ni bure. Viza ni habari nyingine: masharti ya Marekani hubadilika, yasome ya mwaka wako mapema, na usiombe nchi moja tu. Mastercard Foundation, tangu 2012, imesomesha Waafrika Makerere, Ashesi ya Ghana, Edinburgh na kwingineko. Na shule ya kimataifa ya UWC East Africa iko Moshi na Arusha, hapa hapa.

Uingereza wana lao: huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, na mwisho wao ni 15 Oktoba. Maelezo binafsi sasa ni majibu ya maswali matatu, jumla herufi 4,000, na wanataka kusikia somo lako, si mizinga ya babu.

Kalenda inawachanganya wengi. Kidato cha sita hufanya mtihani Mei, matokeo Julai, katikati kuna JKT. Vyuo vikali vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari kwa ajili ya kuanza Agosti au Septemba. Mhitimu wa Mei, basi, huwa na karibu mwaka mzima mkononi. Akiufanyia kazi ya maana, nayo inaingia kwenye zile nafasi 10.

Je, wajua kinachowaangusha watu kuliko insha? Majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja, cha NECTA kinasema Massanja, NIDA ina la tatu. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA. Pasipoti nayo itauliza. Tofauti ya herufi moja irekebishe ukiwa kidato cha tatu, kabla ya usajili wa mtihani.

Halafu kuna stesheneri. Unakwenda pale mjini, kijana anakujazia fomu haraka haraka, anafungua barua pepe kwa simu yake na nywila anayoijua yeye. Chuo kinajibu baada ya miezi mitatu, yeye ameshahamia Sumbawanga. Fungua barua pepe yako mwenyewe, yenye jina lako halisi, nywila iandike nyumbani. Na anayekuambia utume pesa ya nafasi kwenye namba ya mtu binafsi, mwache aendelee na safari zake.

La mwisho kwa leo: saa ya kufunga Common App huhesabiwa kwa saa za mahali alipo mwombaji, si New York. Kwa aliye Mpanda ni saa 5:59 usiku, saa za Mpanda. Umeme ukikatika saa 4, hakuna wa kumlalamikia, kwa hiyo tuma siku tatu kabla.