Utangulizi: Nani Aisimamie Ndege ya Jeshi?

Usimamizi wa ndege za kijeshi si elimu ya majenerali na wanasheria peke yao. Naianzia Nyeri na Nanyuki, kwa sababu maswali yake makuu yamekwisha kupita juu ya mapaa ya watu wa huku.

Swali la kwanza: ndege ya kivita hupaa kwa amri ya nani? Wakati wa vita vya Mau Mau, ndege za Uingereza aina ya Harvard ziliruka kutoka Mweiga, Nyeri, kwenda kushambulia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Waafrika hawakuwa na kura hata ya kuhoji. Ni mwaka 1957 tu ndipo waliporuhusiwa kuchagua wawakilishi wao. Agosti 1, 1982, katika jaribio la mapinduzi, marubani wa Nanyuki walishurutishwa kwa bunduki wakaipige Nairobi kwa ndege za kivita, zikiwamo F-5, koplo mwasi akiwa ameketi nyuma ya mmoja wao. Mabomu wakayaangusha msituni, Mlima Kenya. Nairobi iliokolewa na dhamiri ya watu wachache, na taifa haliwezi kutegemea hilo kila mara. Ndiyo maana Kifungu cha 239 cha Katiba ya 2010 kinaliweka jeshi chini ya mamlaka ya kiraia.

Swali la pili: nani athibitishe kuwa ndege ni nzima? Mkataba wa Chicago wa 1944 haugusi ndege za jeshi, hivyo kila nchi hujipangia. Helikopta ilipoanguka na kumuua Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa, Aprili 18, 2024, wachunguzi walitumwa na Jeshi la Wanahewa lenyewe. Uingereza, iliyopoteza watu 14 katika ndege ya Nimrod huko Afghanistan mwaka 2006, iliunda mamlaka maalumu ya usalama wa ndege za kijeshi mwaka 2010.

Swali la tatu linawahusu vijana: nani aizuie ndege yao isiruke? Mwaka 2014 Uingereza ilizizuia kuruka ndege zisizo na injini za kadeti wake, kwa mashaka juu ya uzima wa ndege hizo. Mweiga nayo imekuwa na klabu ya ndege za namna hiyo, na kanuni za kimataifa huruhusu leseni ya kuzirusha kuanzia miaka 16. Mwanafunzi huketi mbele, mwalimu nyuma. Kijana hajui kama nyaya za usukani zilikaguliwa; mzazi aliyetia sahihi fomu hajui pia. Wote wanamtegemea mkaguzi asiyemwogopa mkubwa yeyote, mwenye uwezo wa kusema: leo hairuki.

Uwezo huo wa kukataa ndio kiini cha taaluma hii. Kila sheria utakayoisoma, uliza uwezo huo amepewa nani, na nani anaweza kumnyang'anya.